Karani wa Mbugani na Sisi Makarani

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa Chama, Nairobi.)



 Twajua ya kuwa wengi wenu mmetoka afisini moja kwa moja bila kupita nyumbani, na ya kuwa mnayo mambo mazito ya kuzungumza: mishahara, nyumba, na karo za watoto. Mambo hayo yana wasemaji wake, nao wayaweza kuliko sisi. Sisi tumekuja na jambo jingine, dogo kwa kulisikia, nalo ni habari ya matembezi ya kutazama ndege. Twaomba mtustahimilie hata mwisho, kisha atakaye kucheka na acheke.

Twasema hivi kwa sababu kicheko tumekwisha kukizoea. Siku ile ilipotangazwa kwamba baadhi yetu tumeanza kutoka pamoja Jumapili kwenda kutazama ndege, wenzetu walituuliza maswali mawili. La kwanza: je, hiyo si kazi ya Wazungu wenye nafasi? La pili: mtu aliyekaa juu ya kiti juma zima, atapata faida gani kwa kuamka alfajiri kwenda kumtazama ndege asiyeliwa? Maswali hayo ni ya haki, nasi tutayajibu kwa zamu.

Kwanza hili la Wazungu. Ni kweli kwamba chama cha kwanza cha elimu ya viumbe katika nchi hizi kiliundwa na Wazungu, hapa hapa Nairobi, mwaka 1909, nacho kiliitwa Chama cha Elimu ya Viumbe cha Afrika ya Mashariki na Uganda. Mwaka uliofuata, 1910, kikaanza kupiga chapa jarida lake. Chama hicho ndicho kilichoanzisha nyumba ya makumbusho, ambayo leo ni Makumbusho ya Taifa, na chama chenyewe kingali hai. Wengi hukijua kwa jina la Nature Kenya. Lakini angalieni waanzilishi wake walikuwa watu wa namna gani. Wengi wao walikuwa watumishi wa serikali. Frederick Jackson, aliyepanda hata akawa Gavana wa Uganda mwaka 1911, aliandika habari za ndege kwa miaka mingi katikati ya kazi zake za utawala. Alikufa mwaka 1929 kitabu chake kikiwa hakijapigwa chapa. Kikatoka mwaka 1938, kikiwa vitabu vitatu vizito. Basi kazi hii haikuanzwa na watu wasio na kazi. Ilianzwa na watu wenye barua za kujibu na wakubwa wa kuwaogopa, kama sisi.

Tena yatupasa kuongeza neno. Wazungu wale hawakutembea peke yao. Waliowaonyesha njia, waliobeba mizigo, waliojua ni mti gani wenye tundu la ndege gani, walikuwa Waafrika, na majina yao aghalabu hayakuandikwa. Hilo ni kosa la daftari, wala si upungufu wa elimu. Elimu ilikuwapo tangu zamani, ila haikuwa na karani wa kuiandika.

Twatoa mfano mmoja. Yupo ndege mdogo awaongozaye watu kwenye makao ya nyuki. Waborana wa kaskazini ya Kenya humwita kwa mluzi wao mkali uitwao fuulido. Naye huja akilia, akaruka mti kwa mti na kuwangojea, hata wafike penye asali. Watu hutwaa asali, naye hubakiziwa nta na majana. Wako wataalamu waliotilia shaka habari hizo, wakidhani ni hadithi za jioni. Lakini Mkenya mmoja wa Makumbusho yetu, Hussein Isack, pamoja na mwenziwe Heinz-Ulrich Reyer, walifuatana na Waborana wenye saa mkononi na daftari, nao wakatangaza matokeo yao mwaka 1989. Wawindaji wa asali walipotafuta bila ndege katika nchi wasiyoizoea, kila makao ya nyuki yaliwagharimu kadiri ya saa 8.9. Walipoongozwa na ndege, saa 3.2 zilitosha. Basi wazee walikuwa wakisema kweli siku zote. Kilichokosekana ni tarakimu. Je, ndugu zetu, ni nani katika nchi hii aliyefundishwa kuandika tarakimu kwa utaratibu kuliko karani?

Sasa twaja kwenye swali la pili, la faida. Hapo hatutatoa hoja nyingi, bali tutasimulia yaliyotupata.

Wengi wenu mmesikia habari za matembezi ya Jumatano yatokayo penye Makumbusho. Yalianza mwaka 1971, na aliyeyaongoza tangu mwanzo wake, kwa miaka mingi sana, ni Bibi Fleur Ng'weno. Watu hukutana asubuhi, wakashauriana, wakaenda mahali pamoja wakitazama na kusikiliza, na yule ajuaye humwonyesha asiyejua. Baadhi ya Wakenya wanaowaongoza wageni leo katika mbuga zetu walijifunzia majina ya ndege katika matembezi hayo. Jambo zuri, lakini Jumatano saa tatu kasorobo karani yuko wapi? Yuko mezani, na jalada la kwanza limekwisha kufunguliwa. Ndiyo sababu tulivutwa na desturi nyingine ya chama hicho, ya kutoka Jumapili moja katika mwezi: wafikao huamua papo hapo waende wapi, wakagawana nafasi za motokaa na gharama ya petroli, wala hapana aulizwaye cheo chake. Desturi hiyo tuliiga.

Mara ya kwanza tulikuwa watu kumi na mmoja, na darubini mbili tu, moja ikiwa na jicho moja lililofifia. Tulidhani ndege wa Nairobi ni kunguru, mwewe, na wale korongo wakubwa wenye mfuko shingoni wakaao juu ya migunga kando ya barabara ya Mombasa. Hata ilipofika saa nne tulikuwa tumeandika aina thelathini na nne, na hatujatoka nje ya mji. Chozi walikuwa katika maua, kwarara walikuwa katika majani, mnana walikuwa wakisuka viota juu ya maji. Hao wote walikuwapo miaka yote tuliyopita njia ile kwenda kazini. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Lakini sisi tulikuwa na macho, na ilibidi tuambiwe. Kenya ina aina za ndege zaidi ya 1,000, nasi tulikuwa tumeishi kwa kuwajua watano au sita.

Mwezi wa Novemba tulioneshwa ndege mdogo wa rangi ya kijani kibichi kilichofifia, asiye na uzuri wowote, akitafuta wadudu katika matawi. Kiongozi wetu alituambia kwamba huyo huzaliwa Ulaya au Siberia, na kila mwaka huja Afrika kukwepa baridi, kisha hurudi mwezi wa Machi au Aprili. Uzito wake ni kadiri ya gramu tisa au kumi, yaani kama barua ya karatasi mbili bila bahasha. Mmoja wetu, aliyefanya kazi ya posta miaka ishirini, alinyamaza kitambo, kisha akasema: “Barua hii haina stempu, haina anwani, nayo hufika.” Huko Ngulia katika Tsavo, tangu mwaka 1969, watu huwakamata wageni hao kwa nyavu usiku wa ukungu, wakawavisha pete yenye namba miguuni na kuwaachilia, ili akipatikana popote duniani ijulikane alikotoka. Twaona ya kuwa kazi hiyo ni kazi ya masjala kabisa: kila kiumbe na namba yake, kila namba na tarehe yake.

Ndugu zetu, hata hapa tumesema mambo ya kupendeza tu. Sasa inatubidi kusema jambo la aibu, maana bila hilo hotuba hii ingekuwa kama hesabu iliyotiwa mhuri bila kukaguliwa.

Yuko ndege mmoja ambaye Waswahili humwita karani tamba. Ni mrefu, hupita meta moja akisimama. Mwili wake wa kijivu, mapaja meusi kama aliyevaa suruali fupi, na nyuma ya kichwa ana manyoya marefu yaliyosimama kama kalamu alizochomeka karani wa zamani nyuma ya sikio. Hatembei kwa haraka. Hukagua nyasi hatua kwa hatua, siku nzima, akitafuta panzi, panya na nyoka. Na akimwona nyoka humpiga mateke ya nguvu hata afe. Mnaelewa sababu ya sisi kumpenda. Tulimwona katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi, ile iliyowekwa mwaka 1946, katika matembezi yetu ya pili, nasi tukamfanya kama mlezi wa kikundi chetu. Kila mwezi tulimtafuta, na kila mwezi jina lake liliandikwa mwanzo wa orodha.

Mwezi mmoja mvua ilitunyeshea tangu asubuhi. Tulikaa ndani ya gari, vioo vikiwa na ukungu, tukala mikate yetu, tukarudi. Lakini orodha ilikuwa inangojewa, kwa sababu tulikuwa tumeahidi kuipeleka kila mwezi kwa watunzao kumbukumbu za ndege. Basi tukafanya lile ambalo kila mmoja wetu humu amewahi kulifanya, au amelijaribiwa kulifanya, siku ya mwisho wa mwezi taarifa inapotakiwa na kazi haijakwisha. Tulichukua orodha ya mwezi uliopita, tukabadili tarehe, tukapunguza ndege wanne ili ifanane na kweli, tukaipeleka. Karani tamba alikuwa wa kwanza.

Baada ya siku chache mtunza kumbukumbu alituandikia barua fupi, ya adabu sana. Aliuliza: huyo karani tamba mlimwona saa ngapi, upande gani wa mbuga, naye alikuwa peke yake au wawili? Hapana aliyeweza kujibu. Tulikutana jioni, tukatazamana. Mmoja wetu akasema ndege mmoja katika orodha si kitu. Mwingine, ambaye ni karani wa hesabu, akamjibu kwamba na shilingi moja katika daftari si kitu, ila ndiyo ambayo watu hufukuziwa kazi. Usiku ule tukaandika barua ya kuifuta orodha yote, tukatia sahihi sote kumi na mmoja.

Mtauliza: kwa nini mlijitaabisha hivyo? Tutasema sababu, nayo ndiyo kiini cha maneno yetu. Mwaka 2020 wale wanaokadiria hali ya viumbe duniani walimhamisha karani tamba kutoka daraja la wenye mashaka, wakamtia katika daraja la walio hatarini kupotea, kwa kuwa idadi yake imepungua sana mahali pengi katika Afrika. Je, walijuaje? Si kwa kuhesabu mizoga. Walijua kwa sababu watu wa kawaida, nchi nyingi, walitembea wakaandika siku walizomwona. Na siku wasipomwona, hawakumwandika. Nafasi ile tupu katika karatasi ndiyo iliyotoa habari. Kama kila kikundi kingefanya kama tulivyofanya sisi ndani ya gari, karani tamba angeendelea kuishi katika orodha zote, mzima na mnene, hata siku yule wa mwisho afapo mbugani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twathubutu kuongeza: mali yenye daftari la uongo hupotea vilevile, tena kwa mhuri.

Miezi mitatu iliyofuata hatukumwona, na tuliandika hivyo: hakuonekana. Kila mara mkono ulikuwa mzito. Mwezi wa nne, jioni, tulipokuwa tukielekea langoni, tuliwaona wawili juu ya mgunga, wamesimama katika kiota kipana cha vijiti. Tuliandika saa, upande na idadi. Hatujapata kutia sahihi karatasi yoyote ya serikali kwa furaha kama ile.

Kuna mahali pengine tulipofundishwa, napo ni uwanda wa Kinangop, magharibi ya milima ya Nyandarua. Huko yuko ndege mdogo wa nyasi, mwenye kifua cha manjano na mgongo wenye michirizi ya kahawia, ambaye kwa jina la elimu huitwa Macronyx sharpei. Hapatikani nje ya nyanda za juu za Kenya, wala haishi msituni, wala haishi shambani. Hutaka nyasi fupi zenye vichaka vya majani, basi. Na nyasi hizo karibu zote zi katika mashamba ya watu, nazo zinalimwa kila mwaka kwa viazi na kabeji, au kupandwa miti. Ndege huyu naye amo katika daraja la walio hatarini.

Tulipokuwa tukimtazama, mwenye shamba alikuja na jembe begani, akatusalimu, akauliza tunatafuta nini. Tulimwambia. Akasema: “Huyo ndege namjua tangu utotoni. Lakini niambieni ninyi wenye mishahara, atanilipia karo?” Hatukuwa na jibu la haraka, wala hatukujaribu kulibuni. Baadaye tulijifunza kwamba wenyeji wa huko waliunda chama chao cha Marafiki wa Uwanda wa Kinangop, na kwamba watu walifundishwa kusokota na kufuma sufi, kwa sababu palipo kondoo hapana budi pawe na nyasi, na palipo nyasi ndege naye hupata nafasi. Hilo lilitupendeza, maana halikumdharau mwenye jembe. Mmoja wetu ana ekari tatu huko huko, naye alikuwa amekwisha kuagiza trekta. Alirudi akaipunguza kazi ya trekta, akaacha ekari moja ya nyasi kwa kondoo wa mamaye. Hatumtangazi kuwa shujaa. Yeye mwenyewe asema huenda akailima mwaka wa ukame. Twasema tu kwamba kabla ya siku ile hakujua kwamba shamba lake lina kitu kisichopatikana Ulaya yote wala Marekani yote.

Basi, ndugu zetu, hii ndiyo faida. Mtu hutoka nje ya kuta nne. Hutembea na wenzake wa idara nyingine, mkubwa na tarishi bega kwa bega, na mara nyingi tarishi ndiye mwenye macho makali. Watoto wakiletwa hujifunza kunyamaza, jambo ambalo hatujaliweza nyumbani kwa njia nyingine. Na juu ya hayo, kazi ile ile tuliyoizoea, ya kuhesabu na kuandika kwa uaminifu, huwa hapo ni utumishi kwa nchi usioamriwa na mtu. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990, mwezi wa Januari, ndege wa maji huhesabiwa katika maziwa ya Bonde la Ufa, kama vile Naivasha, Nakuru na Elmenteita, kwa msaada wa watu wa kujitolea. Heroe na mwari huwa kwa maelfu, na mikono ya kuandika haitoshi. Twadhani makarani wa Nairobi wangeweza kutoa mikono hiyo.

Kwa hiyo twaleta ombi mbele ya mkutano: kwamba matembezi haya yawe shughuli ya Chama, mara moja kwa mwezi siku ya Jumapili, kwa kila mwanachama apendaye pamoja na jamaa yake. Masharti yetu ni machache. Mtu avae nguo zisizong'aa, na viatu vya kutembelea. Achukue maji, chakula chake, daftari na kalamu ya risasi, maana wino huharibika kwa umande. Darubini si lazima, tutapokezana. Gharama ya gari itagawanywa sawasawa. Asiyejua jina la ndege asione haya kuuliza, na ajuaye asijivune. Kiota kisiguswe. Na sharti la mwisho ndilo kubwa: asiandikwe ndege asiyeonekana wala kusikika, hata kama mvua imenyesha kutwa, hata kama orodha itakuwa na kunguru peke yake.

Twamaliza, Bwana Mwenyekiti. Kesho asubuhi, kila mmoja wetu atakapokaa mezani pake na kufungua jalada la kwanza, huko mbugani yule karani mwingine naye atashuka kutoka katika mti wake wa miiba kuanza kazi, hatua kwa hatua, bila mkubwa wa kumsimamia. Twawaomba mje mmwone. Na siku mkija msimwone, twawaomba mtusaidie kuandika hivyo.